Kinachonywewa kwa Kusimama ni Dawa

Guangzhou, Oktoba 1998

Wifi yangu Yustina,

Nakuandikia nikiwa nimekaa. Nimekaa kweli, mgongo kwenye kiti, viatu nimevua, na kikombe cha chai kiko mezani badala ya mkononi. Najua huamini. Ungekuwa hapa ungekuja kunigusa paji la uso uone kama nina homa.

Niko kwenye nyumba yetu ileile ya wageni, mtaa wa Dengfeng, chumba chenye dirisha linalotazama vibanda vya simu. Kitanda chako amelalia Bi Zuhura wa Unguja. Unamkumbuka, yule aliyekuwa chumba cha jirani safari yetu ya mwisho, mkawa mnagombana kila asubuhi kuhusu nani kamaliza maji ya moto. Aliposikia umefariki alilia kwa sauti mpaka mwenye nyumba akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Siku hizi maji ya moto anayamaliza peke yake, na anasema hayana raha.

Nyumbani wote wazima. Msalaba wa mbao kwenye kaburi lako tumeshauondoa, tumejengea kwa saruji. Kaka yako Stanslaus alichanganya zege mwenyewe, hakutaka fundi. Na binti yetu Agnes umemwachia urithi bila kujua: kile kikopo chako cha karanga amekichukua, anaenda nacho shule, na amejifunza kukitikisa kama wewe ulivyokuwa ukikitikisa ukitaka watu wanyamaze. Mwalimu wake ameshalalamika. Mimi nilishindwa kumkataza.

Huku nako wanakuulizia. Yule mama wa viatu pale soko la Zhanxi, aliyekuwa akikuita laoban mkubwa, yaani bosi mkubwa, na mimi ananiita laoban mdogo, aliniona nimekuja peke yangu akatazama nyuma yangu, akasubiri. Sikuwa na Kichina cha kumwambia. Nililaza shavu juu ya viganja viwili kama mtu anayesinzia, kisha nikaonyesha juu. Alisimama vile, kikokotoo mkononi. Halafu akaenda nyuma ya maboksi akaniletea kiti cha plastiki. Wifi, sikukikalia. Nilisema asante, nikaendelea kuchagua viatu nimesimama, macho yamejaa maji, nakagua nyuzi ambazo hata sizioni.

Nimekumbuka kile kiti siku hizi tatu, na utaona kwa nini.

Ulimwachia kaka yako agizo. Mimi sikuwepo wodini, nilikuwa nje nakupashia uji, lakini amenisimulia mara nyingi mpaka nalijua kama sala. Alikuwa amekuambia habari ya lile shamba lako karibu na kisima, mizabibu ile ya zabibu nyeupe aliyokupa baba mkwe. Alikuambia kwamba wanunuzi wanataka nyekundu tu, nyeupe yako inakaa kwenye madumu ya kioo mpaka inageuka siki, na maji ya kisima ni haba mno kuyapoteza kwa zabibu isiyouzika. Akakuomba ruhusa aing'oe, apande nyekundu mvua zikianza. Nawe ukamjibu, kwa sauti ile ya mwisho iliyokuwa imebaki pumzi tupu: "Usiiguse mpaka Tekla aende kule kwenye bembea akaonje nyeupe za wenzetu. Akirudi akasema yetu si kitu, ng'oa."

Kaka yako akacheka, hata pale. Akasema, "Tekla? Huyo hata chai anakunywa akitembea."

Basi hilo ndilo lililonileta safari hii, zaidi ya viatu. Mvua za Desemba haziko mbali. Jembe amelinoa. Anasubiri neno langu.

Na ile bembea, nani angeisahau? Tulikuwa kwenye basi tunaenda kuangalia kiwanda cha mikoba, nje ya mji, tukapita mashamba ya migomba, mara likatokea lile gurudumu kubwa la viti, limesimama juu ya miti kama mwezi. Ulibandika uso kwenye kioo. Ukasema, "Wifi, sisi tunakuja China, tunabeba, tunarudi. Punda naye anafanya hivyohivyo." Jioni ukaniletea kikaratasi cha matangazo ulichookota kituoni, kina picha za mtaa wa nyumba za Ulaya ndani ya bustani, na gilasi za divai nyeupe mbele ya kila nyumba. Ukasema safari inayofuata hatununui kitu siku tatu. Tunalala kwenye hoteli ya bustani, tunapanda kila kinachozunguka, na tunaonja nyeupe za watu taratibu, moja baada ya nyingine, tujue yetu imesimama wapi. Nilikuambia siku tatu bila kununua ni ugonjwa. Ukanitupia ganda la karanga.

Sasa nikuambie nilivyokwenda.

Nilimwambia Bi Zuhura, nikidhani atakataa. Alinitazama, akasema, "Mie divai yako siigusi wala siinusi. Lakini bembea ntapanda zote, nshasema. Marehemu alinambia habari ya bembea hizo, nami nna deni nae la maji ya moto." Kumbe nawe ulikuwa umemwalika! Hukuniambia. Tukafunga vikoba vidogo. Mimi nikaviringisha kwenye khanga yako ya maua ya njano ile chupa ndogo niliyotoka nayo Dodoma. Ni divai yako, wifi. Nyeupe ya mavuno yale ya mwisho uliyoyasimamia mwenyewe, ulipokuwa tayari umekonda, unaagiza watu kwa mkono kutoka kwenye mkeka.

Bustani ungeipenda mpaka ungetuaibisha. Kuna mashua inayopandishwa juu ya mlima wa saruji, ikifika kileleni inaachiwa, inaporomoka majini na watu ndani yake. Bi Zuhura aliponiambia tupande nilidhani hajaielewa. Tulipofika juu, pale inaposimama kidogo kabla ya kuanguka, alinishika mkono, akapiga kelele, "Nnakufa mie, na kontena langu liko bandarini Huangpu!" Tukaanguka. Tulipotoka majini baibui limemganda mwilini, maji yanamtiririka kidevuni, na watu wanampisha njia kwa heshima. Akasema, "Tena." Tukarudi tena. Mashua ya pili alifunga macho na kumtaja Mungu kwa majina yake mengi.

Mtaa wa Ulaya ni nyumba za plasta zilizopakwa rangi, kila moja na bendera yake. Nyumba ya Wafaransa ina mzabibu mlangoni wenye vishada vinavyoning'inia. Nikavikimbilia kama mtu aliyeona ndugu stendi. Vya plastiki. Ungekuwepo ungeving'ata kuhakikisha. Kila nyumba ina kaunta, na mbele ya kaunta hakuna kiti. Unasimama, unanyoosha kidole kwenye chupa, unapewa kigilasi, unakunywa, unaendelea. Nikasema hapa ndipo pangu. Utaratibu kama Zhanxi kabisa.

Nikafanya kazi, wifi. Ndivyo nilivyoichukua, kazi. Kwa Wafaransa nilinyanyua gilasi kwenye mwanga nikatafuta kasoro. Nikanusa. Inanuka majani yaliyofyekwa asubuhi. Nikanywa kidogo: kali, inabana mashavu. Nikatikisa kichwa, nikarudisha gilasi, nikaondoka polepole kama tunavyoondoka dukani ili muuzaji atuite. Kijana wa kaunta hakuniita. Alikuwa anafuta meza. Bi Zuhura akacheka mpaka akaegemea ukuta wa plasta: "We Tekla! Unangoja akupunguzie? Hayo si mabuti hayo, ukague soli!"

Kwa Wareno, ile yao ina mapovu madogo, nikaona inachoma ulimi kama soda iliyosahauliwa sukari. Kwa Wajerumani chupa ni ndefu, shingo kama korongo, na divai yake tamu. Nikaiona kama dawa ya kikohozi ya watoto. Mwisho wa mtaa wameweka na ya Wachina wenyewe, inatoka kaskazini huko kwenye baridi, inanukia maua. Nikasema sabuni. Wenyeji walio pembeni yangu walikuwa wanatia barafu na soda ya limau ndani ya divai nyeupe, wanagonganisha gilasi, wanacheka. Nikawaangalia kama mtu aliyeona mtu anatia sukari kwenye ugali.

Nyumba zote nikazimaliza kabla miguu ya Bi Zuhura haijakauka. Hakuna hata moja niliyoipenda. Nikajisifu kidogo moyoni, nisikufiche. Nikasema kama hizi ndizo nyeupe za wenzetu, basi yetu ni malkia, na shamba limepona.

Siku ya pili nikataka nihakikishe. Mfanyabiashara hahukumu mali bila kuiweka pembeni ya mwenzake. Baada ya chakula cha mchana nikanunua kichupa cha ile ya Wajerumani, nikapanda chumbani. Bi Zuhura alikuwa anaswali. Nikasimama dirishani, nikaifungua chupa yako kwa mara ya kwanza tangu itoke nyumbani. Nikamimina kidogo kwenye bilauri ya kupigia mswaki, kidogo kwenye nyingine. Nikanywa ile tamu. Kisha nikanywa ya kwako.

Wifi, haikuwa kitu.

Nakueleza kwa sababu hukupenda kudanganywa. Ilikuwa nyembamba, chachu, kama maji yaliyopitishiwa ndimu. Nilirudia. Vilevile. Nikasimama pale naangalia gurudumu linazunguka, na sikusikia ladha yako wala sauti yako wala chochote. Nilikuwa nimebeba chupa ile tangu Dodoma mpaka Dar, nikaipakata kwenye ndege kama mtoto, nikiamini nikiifungua utatoka. Hukutoka. Nikafikiri: kumbe kaka yake ana haki. Nikatunga na maneno ya kumwambia kwenye simu tukirudi Dengfeng. Ng'oa, Baba Agnes. Nimeonja. Ng'oa.

Bi Zuhura alipotoa salamu alinikuta nimesimama palepale na bilauri mbili. Akaniuliza, "Imekuwaje?" Nikasema imeharibika. Akaniambia, "Kesho uende ukaimwage mahali pazuri basi, usiiache hotelini kama uchafu. Kitu cha marehemu hicho."

Kwa hiyo siku ya tatu nilitoka na chupa yako mkobani nikitafuta pa kukumwaga. Samahani kusema hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiria pale mashua inapoangukia, kwa sababu ungecheka. Nikafikiria chini ya ule mzabibu wa plastiki, nikaona ni dharau. Tukapanda gurudumu kwanza. Viti vinne kila kikapu, sisi wawili, mkoba nikauweka kiti cha tatu. Juu kabisa mji wote ulionekana, na mto, na mashamba ya migomba yale tuliyopita na basi. Bi Zuhura alinyoosha mkono akaushika ule mkoba usidondoke.

Tuliposhuka ikaanza mvua. Si mvua ya kwetu inayopiga hodi. Hii ya hapa inamwagwa tu kama maji ya kudekia. Tukakimbilia nyumba ya chakula iliyo pembeni ya bwawa, imejaa familia, kelele, mvuke, watoto wanapita chini ya meza. Mhudumu, mama mmoja mwenye umri wetu, alitupatia meza ya watu wanne karibu na dirisha. Bi Zuhura akajibwaga. Mimi nikasimama kwenye kona ya meza, nasubiri mvua ipungue tuondoke. Mhudumu akaleta chai. Nikachukua kikombe, nikanywa nimesimama, nachungulia nje.

Ndipo Bi Zuhura aliponishika upindo wa kitenge akanivuta. "Kaa bwana! Shingo yaniuma kukutazama, kama naangalia mnara!"

Nikakaa kwa kishindo, chai ikanimwagikia gotini.

Na pale pale, wifi, nikakuona. Siku ile nilipoletwa kwenu. Ninaogopa kila mtu, bibi harusi wa siku mbili, nimejifanya mchapakazi, nabeba sufuria sijui za nani. Baba mkwe akaagiza nipewe divai ya nyumbani, nyeupe, kwenye kile kikombe cha bati chenye mdomo wa bluu. Nikaipokea nimesimama, nikataka kuinywa haraka nirudi jikoni nionekane mwema. Ukanivuta upindo wa kitenge mbele ya watu wote. "Keti, wifi. Kwetu kinachonywewa kwa kusimama ni dawa, na hapa hakuna mgonjwa." Nikakaa kwa kishindo vilevile. Ukanisogezea karanga za chumvi kwenye ungo. Ukasema nile moja, nitafune mpaka iishe, ndiyo ninywe. Na baba mkwe akacheka, akasema ameshapata mkwe aliyekaa.

Nilikuwa nimeisahau. Siku zile mbili nilikuwa naonja divai kama dawa, nimesimama kwenye kaunta, nimesimama dirishani, halafu nashangaa inakuwa chungu.

Sitajifanya kwamba kilichofuata ni muujiza, maana nyumba za chakula za hapa zote zinafanya hivyo. Yule mama mhudumu akaja na kisahani, bila sisi kuagiza, akakiweka katikati ya meza. Karanga za kuchemsha, zenye chumvi. Bi Zuhura akatazama karanga, akanitazama mimi, akasema, "Ee! Na kikopo chake kiko wapi?"

Nikatoa chupa yako mkobani. Nikamwonyesha mhudumu, akakubali kwa kichwa, akaleta vikombe vidogo vya chai kwa kuwa gilasi zilikuwa zimekwisha. Nikala karanga moja. Nikaitafuna mpaka ikaisha. Nikanywa.

Ilikuwa ileile. Chachu ileile, wembamba uleule. Ila sasa chumvi ilikuwa imeitangulia mdomoni, na ule uchachu ukaifuata chumvi ukaisafisha, na nyuma yake kikaja kitu kidogo, kama harufu ya vumbi inapopata tone la kwanza la mvua pale kisimani kwetu. Haikunikimbilia. Ilibidi niingoje. Nikala karanga nyingine. Nilikuwa nalia, lakini kilio kizuri, cha kutafuna. Bi Zuhura akanipa kona ya mtandio wake, akasema, "Lia, lakini usizimalize karanga, na mie nakula."

Halafu nikafikiria: kama nimekuonea wewe, basi na wale wengine nimewaonea. Nikamwomba mhudumu, kwa ishara na vidole na bendera nilizochora kwenye kitambaa cha karatasi, aniletee kigilasi kutoka kila nyumba ya mtaa ule. Akaniangalia kama mwendawazimu, kisha akachukua mwavuli. Alirudi na sinia, amevifunika vigilasi kwa sahani visiingie maji. Nikaagiza samaki wa mvuke mwenye tangawizi. Na tukakaa. Mvua ilinyesha mchana wote, wifi, na mimi nilikaa mchana wote. Hata kwenye misa sijawahi kukaa hivyo.

Nakupa majibu sasa, kwa kuwa uliyataka.

Ya Wafaransa, ile iliyobana mashavu, ukiinywa na samaki inakuwa kama umemkamulia limau la bei mbaya. Hiyo ni ya kwanza, hata kama hupendi. Ya Wareno ni ya kiu, ya watu waliotoka kwenye bembea, mapovu yake yanachekesha pua. Ya Wajerumani ndiyo dada mkubwa wa ile yako: nimeacha kuiita dawa, ina tufaha bichi ndani na asali kidogo, na ukiinywa polepole utamu wake unajificha. Hiyo ni ya pili. Ya Wachina wa kaskazini bado inanukia maua, lakini ukiwa umekaa unasema maua, husemi sabuni. Na meza ya jirani, familia yenye bibi kizee asiye na meno, walinitilia barafu na soda ya limau kwenye iliyobaki, nikanywa kwa adabu, kisha nikanywa kwa hamu. Ni tamu, Yustina! Nisamehewe. Kwa kitu cha kunywa mchana wa joto na watoto wanapiga kelele, haina ubaya wowote.

Na ya kwako ni ya tatu. Sikuipendelea. Niliizungusha mpaka mwisho, nikala karanga katikati, na kila mara ikaangukia ya tatu. Ya tatu kati ya watu waliofanya kazi hii tangu babu wa babu zao. Nilidhani ungefurahi kusikia hivyo kuliko kusikia uongo.

Lipo jambo lingine lazima nikuambie. Nilikuwa nimekumiminia kidogo kwenye kikombe, nikakiweka mbele ya kiti kilichokuwa kitupu, sikufikiria, mkono ulienda wenyewe. Yule mhudumu alipopita kukusanya vyombo nikajua atakichukua. Akasimama. Akakitazama kile kikombe, akatazama kiti, akanitazama usoni. Kisha akaenda, akarudi na vijiti vya kulia, akavilaza pembeni ya kikombe chako vizuri, sambamba, akaongeza kisahani kidogo chenye karanga chache. Kumbe na wao wanawatengea chakula watu wao waliotangulia. Bi Zuhura akasema, taratibu, "Haya, umekaribishwa, mama wa maji ya moto."

Sikukumwaga, kwa hiyo. Kile kikombe tulikiacha mezani tulipoondoka.

Jana nilipiga simu kutoka kibanda cha hapa chini. Kaka yako alikuwa anangoja posta mjini tangu asubuhi, kama tulivyopatana. Nikamwambia, "Baba Agnes, usiing'oe." Nikamwambia nimeonja zote, ya dada yako ni ya tatu, lakini lazima mtu akae, na lazima ziwepo karanga. Akauliza, "Ulikaa?" Nikasema nilikaa mchana wote. "Wewe?" Mimi. Akasema, "Basi hiyo ndiyo habari. Ya divai nitaisikiliza ukija." Halafu sauti yake ikabadilika. Akasema anashukuru, maana kila akipita kisimani lile jembe lilikuwa linamwangalia vibaya. Anasema ulikuwa na hila, kwamba ulijua ukinituma kazi nitakwenda, na ukinituma kupumzika sitakwenda. Nikaagana naye. Pembeni yangu kulikuwa na foleni.

Nimekaa na jambo hili tangu jana. Divai yako wifi tuliwahi kuipeleka wapi? Tuliipeleka kwa mlango wa nyuma wa baa za mjini, mwenye baa anatoka na funguo mkononi, anamiminiwa, anaigugumia amesimama, anakunja uso, anasema leteni nyekundu. Tuliwapa watu dawa, tukalalamika hawaipendi.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayokuahidi, na ninakuandikia ili nisiweze kuyakwepa. Mizabibu itabaki. Kisima tutakichimba kwenda chini zaidi. Kaka yako amekubali, kwa kulalamika, lakini amekubali. Pale kati ya kisima na mstari wa kwanza wa mizabibu tutajenga banda la makuti, na ndani yake benchi ndefu na meza, hakuna kaunta. Atakayetaka kuonja nyeupe ya Yustina atakuja mwenyewe, atakaa, ataletewa karanga za chumvi kwenye ungo, na Agnes atatikisa kikopo mpaka wote wanyamaze. Akinywa akiwa amesimama nitamnyang'anya gilasi. Nitamvuta upindo.

Na mimi nitakaa nao. Si kila siku, usinishike sana kwa hilo. Viatu bado vinataka kununuliwa, na kesho ninarudi Zhanxi. Lakini yule mama akinitolea kile kiti cha plastiki, nitakikalia kwanza, ndipo tuanze kubishana bei.

Bi Zuhura ameamka. Anakusalimu, na anasema maji ya moto ya leo amekuachia.

Kwaheri, Yustina, dada wa mume wangu, mwenzangu wa njia. Huko uliko nikumbuke unapokula karanga. Na kama mnakaa kwenye benchi, nishikie nafasi pembeni yako. Nitachelewa kuja, nina mizigo. Nikifika hutahitaji kunivuta kitenge.

Wako,
Tekla